Kitafunwa cha saa nne: Andazi la ngano au ndizi ya Kinole?

NI saa nne asubuhi mjini Morogoro. Kengele ya mapumziko inalia na watoto wa shule wanamiminika nje kumkimbilia mama mwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko. Ndani ya ndoo mna maandazi ya moto. Hatua chache kutoka hapo, mama mwingine amekaa na sinia la ndizi mbivu na machungwa yaliyomenywa. Ndoo ya maandazi inakwisha kabla kengele ya kurudi darasani haijalia. Sinia la matunda linabaki nusu, na jua la Morogoro halimsubiri mtu.

Mambo ni yale yale katika kituo cha mabasi cha Msamvu, pale njia ya Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikielekea Dodoma na nyingine Iringa. Abiria ananunua pakiti ya biskuti, keki au skonzi na soda, huku machungwa kutoka milimani yakiwa mbele ya macho yake.

Swali ambalo mkulima wa Uluguru na muuzaji wa genge wanapaswa kujiuliza ni hili: kati ya vitafunwa vya ngano na matunda mabichi, kipi kinamfaa zaidi mlaji? Na kama jibu ni matunda, kwa nini basi ndoo ya maandazi ndiyo inayokwisha kwanza?

Mlima unaolisha mji

Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vya juu vinapita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, ni kama ghala la matunda lililowekwa nyuma ya mji. Kwa kuwa hali ya hewa hubadilika kadiri mtu anavyopanda, matunda nayo hubadilika.

Upande wa mashariki, katika maeneo ya Kiroka, Mkuyuni, Kinole na Matombo, kuna joto na mvua ya kutosha. Huko ndiko kwenye ndizi, mananasi, machungwa, mafenesi na maembe, yakichanganyika shambani na viungo kama mdalasini, karafuu na pilipili manga. Upande wa magharibi na juu zaidi, Mgeta, Nyandira na Tchenzema, kuna baridi. Wakulima wa huko, pamoja na kabichi na karoti zao zinazojulikana hadi Dar es Salaam, huvuna pichesi, plamu, peasi na matufaha, matunda ambayo Watanzania wengi hudhani lazima yatoke nje ya nchi.

Ngano, kinyume chake, hailimwi Uluguru kwa biashara. Tanzania huagiza sehemu kubwa ya ngano inayoitumia kutoka nje, ikiwamo Urusi. Ndiyo maana vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 na bei ya ngano kupanda duniani, msukosuko huo ulifika mpaka kwenye ndoo ya maandazi. Dawa ya muuzaji mdogo katika hali hiyo inajulikana: bei inabaki ile ile, andazi linapungua ukubwa.

Kwa maneno mengine, sehemu ya kila shilingi inayonunua andazi husafiri kwenda kwa mkulima wa ngano wa nchi za mbali. Shilingi inayonunua ndizi ina nafasi kubwa ya kurudi Kinole.

Ndani ya andazi mna nini?

Mtu hahitaji maabara kujua nguvu iliyomo ndani ya andazi. Anahitaji kujua kilichoingia kwenye beseni tu.

Chukulia mama anayekanda kilo moja ya unga wa ngano, akaweka robo kilo ya sukari, na maandazi yake yakanywa robo lita ya mafuta wakati wa kukaangwa. Unga huo una kilokalori kama 3,600. Sukari inaongeza kama 1,000. Mafuta, ambayo kwa uzito hubeba nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya wanga au sukari, yanaongeza kama 2,000. Jumla ni kilokalori 6,600. Akitoa maandazi 30, kila moja lina kilokalori kama 220, likiwa na sukari gramu 8, sawa na vijiko viwili vya chai, na mafuta yanayokaribia gramu 8.

Vitafunwa vya tanuri navyo vinatofautiana. Mkate mweupe una kilokalori zipatazo 265 kwa kila gramu 100, na mafuta yake ni machache. Keki hufika kati ya 350 na 400 kwa sababu ya siagi na sukari. Biskuti tamu, ambazo hazina maji karibu kabisa, huvuka 450. Mtu akila pakiti ya biskuti safarini amekula chakula kizima, ingawa tumbo lake halijui hilo.

Unga mweupe pia umeondolewa pumba na kiini. Humo ndimo zilimokuwa nyuzinyuzi nyingi pamoja na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Vitamini C katika andazi, mkate au biskuti ni kama haipo.

Matunda yanatoa nini?

Tunda kwa sehemu kubwa ni maji, na hapo ndipo tofauti inapoanzia. Gramu 100 za chungwa lililomenywa zina kilokalori kama 47 tu. Papai lina kama 43, nanasi 50, embe 60, ndizi mbivu 90 na fenesi 95. Ndizi moja ya wastani ina nguvu kama nusu ya andazi.

Kwa vitamini C, chungwa lina miligramu kama 50 kwa kila gramu 100, nanasi linakaribia hapo, na papai lina kama 60. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) yamependekeza mtu mzima apate miligramu 45 kwa siku. Chungwa moja la wastani linamaliza kazi hiyo. Bingwa wa wote, hata hivyo, ni tunda linalodharauliwa, ambalo watoto hulichuma njiani bila kulipa: pera. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C na gramu kama 5 za nyuzinyuzi.

Embe na papai vina rangi ya manjano inayogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, muhimu kwa macho na kinga ya mwili. Ndizi ina madini ya potasi kwa wingi, yanayosaidia kurekebisha shinikizo la damu. Parachichi ni la aina yake: lina kilokalori 160 kwa gramu 100, lakini mafuta yake mengi ni ya aina isiyodhuru moyo, na nyuzinyuzi zake ni kama gramu 7.

Wapo wanaosema ndizi mbivu nayo ni sukari tu. Ni kweli ina sukari, lakini imefungwa ndani ya nyama ya tunda pamoja na maji na nyuzinyuzi, hivyo huingia mwilini taratibu kuliko sukari ya kuongezwa. Ndiyo maana ushauri wa WHO wa mwaka 2015 wa kupunguza sukari hauhusu tunda zima. Unahusu sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, asali, na pia sukari ya juisi. Mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku asizidishe gramu 50 za sukari hiyo, sawa na vijiko kama 12 vya chai.

Sasa piga hesabu. Maandazi mawili yana sukari gramu 16. Kikombe cha chai chenye vijiko vitatu kinaongeza 12. Kabla ya saa tano asubuhi, mlaji ameshatumia zaidi ya nusu ya kiwango cha siku nzima.

Andazi lisitukanwe

Pamoja na hayo yote, si haki kulifanya andazi kuwa adui. Mtu anayeteremka kutoka Kinole alfajiri na tenga kichwani, au anayelima mteremko kwa jembe la mkono, anahitaji nguvu nyingi. Chungwa moja haliwezi kumfikisha saa saba mchana. Andazi linaweza.

Tena andazi lina protini kama gramu tatu, wakati ndizi ina gramu moja tu. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kunywa uji hawezi kushibishwa na kipande cha papai.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kwa kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano unaosagwa viwandani Tanzania hutakiwa kuongezewa virutubishi, yakiwamo madini ya chuma na zinki, pamoja na asidi ya foliki na vitamini B12. Mafuta ya kula nayo huongezewa vitamini A. Kwa hiyo andazi lililotokana na unga ulioongezwa virutubishi lina kitu ambacho chungwa halina.

Tatizo linaanza pale andazi linapokuwa kitafunwa cha kila siku kwa mtu anayekaa kutwa nzima, awe mwanafunzi darasani, karani ofisini, dereva au muuza duka. Nguvu asiyoitumia huhifadhiwa kama mafuta, na mwisho wake ni unene, shinikizo la damu na kisukari.

Chai huzuia, chungwa hufungua

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na kwamba wanawake wapatao 42 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vinachangia, lakini chakula nacho kina sehemu yake.

Hapa ndipo andazi na tunda vinapoacha kugombana na kuanza kusaidiana. Madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka na maharage hayaingii mwilini kwa urahisi. Vitamini C huyasaidia kuingia. Chai na kahawa hufanya kinyume: huyashika yasifyonzwe.

Kwa hiyo mazoea ya kula andazi kwa chai ya rangi yanapunguza faida ya madini yaliyowekwa kwenye unga huo. Anayekula andazi lake kwa chungwa, na chai akaiacha kwa saa moja au mbili, anapata faida zaidi kwa fedha karibu ile ile. Mjamzito na mtoto ndio wanaohitaji zaidi mabadiliko haya madogo.

Kwa nini andazi linashinda?

Kama matunda yana sifa zote hizo, kwa nini andazi linashinda sokoni? Jibu halipo kwenye lishe. Lipo kwenye biashara.

Kwanza, andazi lina mwaka mzima. Unga haujui masika wala vuli. Machungwa na maembe yana msimu: yakijaa, bei inaanguka hadi mkulima anayaacha chini ya mti, yakiadimika, mtoto hawezi kuyanunua.

Pili, andazi halina hasara kubwa. Muuzaji anakanda kiasi anachojua kitakwisha, na lililobaki leo huliwa nyumbani. Tunda lililopondeka ni hasara. FAO ilikadiria mwaka 2011 kuwa kati ya asilimia 40 na 50 ya matunda, mboga na mazao ya mizizi duniani hupotea au kutupwa.

Tatu, barabara. Kutoka kwenye miteremko ya Uluguru hadi barabara kuu, mzigo hubebwa kichwani au kwa bodaboda, na wakati wa masika matope huongeza gharama na majeraha ya tunda.

Hesabu ya sinia

Ili kuona uzito wa jambo hili, chukua hesabu ndogo kwa bei za mfano tu. Muuzaji ananunua mkungu wenye ndizi 100 kwa Sh 5,000 na kulipa usafiri Sh 1,000. Anauza kila ndizi kwa Sh 100. Zikioza ndizi 10, anapata Sh 9,000, faida Sh 3,000. Zikioza 20, faida inashuka hadi Sh 2,000. Zikioza 40, amefanya kazi ya bure.

Maana yake ni kwamba faida ya muuza matunda haimo katika kupandisha bei. Imo katika ndizi 30 zilizo kati ya kuoza 10 na kuoza 40. Na ndizi hizo zinaokolewa na mambo ambayo hayahitaji mkopo.

Mkulima avune asubuhi, aweke matunda kivulini, na chungwa alikate na kikonyo chake badala ya kulivuta. Asiyatupe chini. Mfungasho wa lumbesa, unaopendwa na madalali, huponda matunda ya chini hata kabla gari halijaondoka. Kreti za plastiki au matenga madogo hulipa gharama yake. Mkungu usafirishwe ukiwa umekomaa lakini bado mgumu, na uivishwe mjini. Ndizi chache mbivu zikifunikwa pamoja na mbichi huziivisha zote kwa siku chache, kwa kuwa tunda linaloiva hutoa hewa inayoivisha jirani yake. Wanaotumia kabaidi wanahatarisha afya za walaji, kwani dawa hiyo ya viwandani inaweza kuwa na masalia ya sumu.

Muuzaji naye asinunue mkungu mzima kama mauzo yake ni chane tatu kwa siku. Wawili au watatu wanaweza kugawana. Aandike kwenye daftari kila jioni: nimenunua ngapi, nimeuza ngapi, zimeoza ngapi. Mstari wa tatu ndio utakaomwonyesha faida ilikokimbilia.

Ndizi ndani ya andazi

Njia nyingine ni kuacha kuchagua kimoja. Ndizi iliyoiva kupita kiasi, yenye madoa meusi, mteja haitaki, lakini ndiyo tamu kuliko zote. Ikipondwa na kukandwa na unga, inachukua nafasi ya sehemu kubwa ya sukari, na andazi au keki inabaki laini kwa muda mrefu zaidi.

Hili si jambo geni Afrika Mashariki. Nchini Uganda, kabalagala, vitumbua bapa vinavyotengenezwa kwa ndizi mbivu na unga wa muhogo, ni kitafunwa cha siku nyingi barabarani na mashuleni. Unga wa muhogo Morogoro upo, na ndizi zipo. Muuzaji anayejaribu anaokoa ndizi, anapunguza sukari na kupunguza utegemezi wake kwa ngano ya nje, kwa mara moja.

Izingatiwe tu kwamba moto huharibu vitamini C nyingi, kwa hiyo keki ya ndizi haichukui nafasi ya tunda bichi. Aidha, mafuta ya kukaangia yasirudiwe mpaka yakawa meusi. Mafuta yaliyorudiwa mara nyingi hupoteza vitamini A iliyoongezwa na kuzalisha kemikali zisizofaa mwilini. Juisi nayo isihesabiwe sawa na tunda, kwa sababu ikichujwa nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio.

Wanaotaka kukausha matunda ili wauze nje ya msimu wanao walimu karibu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kiko chini ya milima hiyo hiyo, na SIDO huwasaidia wajasiriamali wadogo katika mafunzo na mashine. Maonyesho ya Nane Nane kila Agosti katika viwanja vya Mwalimu Nyerere ni nafasi ya kuona makaushio ya jua. Bidhaa iliyofungwa kwa ajili ya soko inahitaji kupita Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula.

Usafi ndio mtaji

Sifa zote za tunda hupotea likikatwa kwa kisu kichafu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 Dar es Salaam na kufika hadi Morogoro uliwakumbusha wauzaji kwamba siku ya ugonjwa, biashara ya vyakula vya barabarani ndiyo ya kwanza kufungwa.

Tunda lioshwe kwa maji safi kabla ya kumenywa, kisu kiwe cha kazi hiyo tu, na lililokatwa lifunikwe na kuuzwa siku hiyo hiyo. Asiye na maji safi auze ndizi na machungwa ambayo hayajamenywa. Tunda lenye ganda lake limeshafungashwa na Mungu.

Chaguo la mlaji

WHO hushauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Chungwa moja saa nne, kipande cha papai jioni na mboga za majani katika milo miwili zinatosha kufika huko. Mwenye kisukari naye si lazima aache matunda. Apime kiasi kwa ushauri wa daktari wake.

Kwa mzazi, ushauri ni mwepesi: mtoto akinywa uji wenye karanga au maziwa asubuhi, fedha ya saa nne inunue tunda. Akiondoka na njaa, andazi moja na chungwa moja ni bora kuliko maandazi mawili. Kwa muuzaji wa maandazi, ndoo yake haina haja ya kufungwa. Aweke sinia la ndizi pembeni, wateja wake ni wale wale. Na kwa mkulima wa Uluguru, soko analolitafuta Dar es Salaam linaanzia kwenye geti la shule iliyo jirani, ikiwa tunda lake litafika pale likiwa zima.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kila ndizi isiyooza njiani ni shilingi kwa aliyeilima, kwa aliyeiuza, na afya kwa aliyeila.